Harufu ya susa ipimwe kabla ya kuandikiwa sheria

Bangale iko kando ya barabara kuu inayotoka Nairobi kupitia Mwingi kwenda Garissa, katika eneobunge la Bura, Kaunti ya Tana River. Ni nchi ya mifugo. Wasomali na Wawardei wa huko hufuga ngamia, na baadhi ya Waorma, ambao asili yao ni ng'ombe, nao wamegeukia ngamia kadiri ukame ulivyozidi kuwafilisi. Maziwa ya ngamia hunywewa mabichi, hutiwa kwenye chai, na yanayobaki huwekwa katika chombo kilichofukizwa moshi na kuachwa siku moja au mbili mpaka yachachuke. Hiyo ndiyo susa. Ninachotaka kusema hapa ni kwamba kabla ya ofisi yoyote ya serikali kuiandikia susa kiwango, kugawa makopo ya kuibebea au kufadhili kiwanda cha kuitengeneza, harufu yake ipimwe maabarani, kwa mashine na kwa pua za wanawake wanaoichachusha, na matokeo ya kipimo hicho yawe mali ya wafugaji wenyewe.

Huenda msomaji akashangaa kwamba natilia mkazo harufu, wakati wakaguzi wa maziwa wamezoea kuuliza juu ya mafuta, maji yaliyoongezwa na idadi ya bakteria. Sababu imo ndani ya maziwa yenyewe. Maziwa ya ng'ombe yakichachuka huganda, na mnunuzi hupima ubora wa maziwa lala kwa jicho na kijiko: ni mazito au ni mepesi, yamejitenga na maji au hayajajitenga. Maziwa ya ngamia hayagandi hivyo. Yana kiasi kidogo sana cha ile protini inayosaidia maziwa ya ng'ombe kushikana, kwa hiyo hata yakichachuka barabara hubaki mepesi, yanamiminika. Jicho halina la kushika. Anayenunua susa hufungua kizibo, akainusa, akaionja, ndipo akakata shauri. Katika kinywaji hiki harufu ndiyo inayobeba karibu hukumu yote ya ubora, na kuandika kiwango cha susa bila kujua harufu yake ni kuacha nje jambo ambalo mnunuzi hulitazama kwanza.

Harufu hiyo ina chanzo kinachoeleweka. Bakteria wa maziwa hula sukari ya laktosi na kutoa asidi ya laktiki, ambayo huleta ukali ulimini lakini hainuki kwa kiasi cha kutajika. Harufu huzaliwa pembeni mwa kazi hiyo kubwa. Baadhi ya bakteria, hasa wa jamii ya Leuconostoc, huchukua sitrati iliyo kwenye maziwa na kuigeuza diasetili, molekuli ndogo inayonukia siagi hata ikiwa chache mno. Wengine hutoa asetaldehidi, yenye harufu kali ya tofaa bichi ambayo wanywaji wa mtindi wanaijua bila kujua jina lake. Hamira wa porini huongeza ethanoli kidogo na esta zinazonukia matunda. Mafuta yakivunjika hutoka asidi fupi zenye harufu ya beberu. Mwaka 2005 watafiti Lore, Mbugua na Wangoh walichapisha orodha ya viumbe walivyovikuta katika susa ya Kenya, na Leuconostoc mesenteroides alikuwemo, pamoja na aina kadhaa za Lactobacillus na za hamira. Mwaka 2012 Christoph Jans na wenzake wa Zürich wakaonyesha kwamba katika susa nyingi anayetawala ni Streptococcus infantarius, mwenye undugu na bakteria wanaohusishwa na maradhi ya binadamu, ingawa huyu wa kwenye susa amejizoeza kuishi kwenye maziwa. Kazi hizo mbili zimetupa majina ya wanaofanya kazi chunguni. Kiasi cha wanachokizalisha, na jinsi kinavyobadilika kutoka boma hadi boma, ni swali lingine, nalo linahitaji chombo kingine.

Chombo hicho hakina miujiza, na inafaa kukieleza ili wasio wataalamu wasikiogope. Mpimaji huchukua mililita 5 za susa na kuzitia katika kichupa cha kioo cha mililita 20 chenye kizibo cha mpira. Huongeza chumvi ili molekuli za harufu zisukumwe kutoka kwenye maji, halafu hukipasha kichupa moto kwa nyuzi 40 hivi. Kinachotafutwa ni ile hewa iliyokaa juu ya maziwa. Sindano yenye uzi mwembamba uliopakwa utando wa kunyonya hupenyezwa katika kizibo na kuachwa humo kama nusu saa. Mbinu hii ilibuniwa na Janusz Pawliszyn na wenzake katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, karibu na mwaka 1990. Kisha uzi huingizwa katika mdomo wa moto wa mashine ya kromatografia ya gesi, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na James na Martin huko Uingereza mwaka 1952. Ndani ya mashine mna mrija wa mita 30 ambao tundu lake ni robo ya milimita, umeviringwa ndani ya tanuri. Gesi ya heli huzisukuma molekuli humo, nazo hutoka upande wa pili kama ng'ombe wanaovushwa mto, kila mmoja kwa wakati wake. Mwishoni spektrometa ya masi huivunja kila molekuli na kuitambua kwa vipande vyake. Mpimaji hupata mstari wenye vilele vingi, na kila kilele kina jina na kimo.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba kilele kirefu ndicho harufu kubwa. Ethanoli inaweza kujaza ukurasa na pua isihisi chochote, ilhali diasetili ikaacha alama ndogo tu na ndiyo inayomfanya mnywaji aseme susa hii ni nzuri. Ndiyo maana maabara makini huweka kwenye mashine tundu la kunusia: gesi inayotoka mwisho wa mrija hugawanywa, nusu ikaenda kwa spektrometa na nusu ikafika puani mwa mtu aliyekaa hapo. Yeye hubonyeza kitufe kila anaponusa kitu na kukitaja: siagi, moshi, tofaa, ngozi, beberu. Katika vyuo vingi kiti hicho hukaliwa na wanafunzi waliofunzwa kwa mtindi wa dukani. Kwa susa ya Bangale lazima akalie mwanamke aliyeichachusha miaka ishirini, kwa sababu ndiye anayejua ni harufu ipi inayoashiria kwamba chombo hakikuoshwa sawasawa, ipi ni ya ngamia aliyekula majani machungu, na ipi ni ya moshi uliozidi. Mashine itampa jina la molekuli, naye ataipa maana. Sioni namna ya kupata ukweli kamili kwa kumwondoa mmoja wao.

Suala la moshi linahitaji kukaziwa zaidi, kwa kuwa ndilo linaloiweka susa hatarini mbele ya sheria. Kufukiza chombo kwa kijinga cha mti uliochaguliwa ni kazi yenye sababu: moshi huua vijidudu vilivyobaki ndani na kuacha utando wa fenoli kwenye kuta za chombo. Lignini ya mti ikiungua hutoa guayakoli na siringoli, molekuli zinazotoa ile harufu ya moshi anayoipenda mnywaji, na baadhi ya fenoli hizo huzuia bakteria waharibifu. Sasa soma viwango vya maziwa ghafi vinavyotumika Afrika Mashariki: maziwa yasiwe na harufu wala ladha ngeni. Vilitungwa kwa kufikiria maziwa ya ng'ombe yaendayo kiwandani, na kwa maziwa hayo havina kosa. Lakini mkaguzi akivitumia kama vilivyo kwa mtungi uliofukizwa, harufu ya moshi huwa dosari, na mama aliyefanya kazi ya usafi kwa uangalifu mkubwa huhesabiwa kuwa ameharibu maziwa. Kiwango kinachotaja guayakoli kwa kiasi chake, kwamba kuanzia hapa hadi pale ndiyo susa iliyofukizwa vizuri, kingempa mkaguzi kitu cha kushika badala ya pua yake mwenyewe, ambayo huenda imekulia kwenye maziwa ya pakiti.

Tena moshi wenyewe unabadilika. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Bura katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, umeenea Tana River hadi kuziba malisho na njia za maji, na miti ya asili iliyokuwa ikichaguliwa kwa kufukizia inazidi kukatwa kwa makaa. Vyombo navyo vinabadilika: kibuyu na chombo cha kusukwa vinaipisha jerikeni ya plastiki, kwa kuwa ni nyepesi, haivunjiki na hufungwa kwenye pikipiki bila shida. Plastiki hunyonya molekuli za harufu na kuzirudisha polepole, na ikichubuka ndani huwa vigumu kuisafisha. Kama kuni za mathenge zinatoa fenoli tofauti na za mgunga, na kama jerikeni inaifanya susa ya leo inukie tofauti na ile ya kibuyu, hilo linaweza kujulikana kwa majuma machache ya kazi. Tusipopima sasa, kizazi kijacho kitabishana juu ya susa halisi bila hata rekodi moja ya jinsi ilivyokuwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: nambari zitatumiwa kuwapokonya wanawake riziki. Hofu hiyo ina msingi, na mfano upo karibu. Mwaka 2013 jarida moja la kimataifa la saratani lilichapisha utafiti juu ya mursik, maziwa yaliyochachushwa ya Wakalenjin wa magharibi mwa Kenya, ambako saratani ya umio imekithiri. Katika baadhi ya sampuli chache zilizochunguzwa, asetaldehidi ilizidi maikromoli 100 kwa lita, kiwango ambacho watafiti hao wanakitaja kuwa kinaweza kudhuru jeni. Habari ilipotoka jaridani ilifika mitaani ikiwa kwamba mursik huleta saratani, jambo ambalo watafiti wenyewe hawakulithibitisha. Walisema inawezekana ni mojawapo ya sababu. Fanya hesabu uone. Maikromoli 100 ni kama miligramu 4.4. Mtindi wa kiwandani wenye harufu inayosifiwa huwa na miligramu 10 za asetaldehidi kwa kilo, na wakati mwingine zaidi ya 20. Kwa hiyo kipimo kilichotiwa kwenye vichwa vya habari dhidi ya kibuyu cha kijijini kinapitwa na kikombe kilicho kwenye jokofu la duka kubwa. Hilo halimaanishi kwamba tupuuze hatari. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka asetaldehidi inayohusiana na unywaji wa pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 2009, na anayekunywa lita kadhaa za maziwa chachu kila siku yuko katika hali tofauti na anayekula kikombe kimoja. Hesabu hiyo inamaanisha kwamba nambari moja isiyo na jirani ya kulinganishwa nayo hudanganya, na dawa yake ni nambari nyingi zaidi, zilizopimwa kwa njia moja katika susa, mursik, maziwa lala na mtindi, zikawekwa kwenye jedwali moja.

Na kama kipimo kitafichua hatari ya kweli, wafugaji ndio wanaostahili kuijua kwanza. Moshi ule ule unaoleta guayakoli waweza kuleta benzopireni, ambayo ni kisababishi cha saratani kisichobishaniwa. Umoja wa Ulaya huruhusu maikrogramu 2 tu za benzopireni kwa kilo ya nyama iliyofukizwa, na kiwango hicho kilipunguzwa kutoka 5 mwaka 2014. Wazungu hawakupiga marufuku nyama ya moshi. Walipima, wakagundua kwamba joto la moto, unyevu wa kuni na muda wa kufukiza ndivyo vinavyoamua, wakabadilisha mbinu na harufu ikabaki. Haki hiyo hiyo aipate mama wa Bangale: aambiwe kwa ushahidi iwapo, kijinga kikizimwa mapema au chombo kikisuguliwa baada ya kufukizwa, sumu hupungua na fenoli nzuri hubaki. Marufuku hutoka kwa mtu asiye na nambari, kwa sababu hana njia nyingine ya kujikinga na lawama.

Wengine watasema kwamba kaunti yenye kiu haina haki ya kuzungumzia mashine za harufu. Ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020, wa misimu mitano mfululizo ya mvua haba, uliua zaidi ya mifugo milioni 2 katika maeneo kame ya Kenya. Mara mvua ziliporudi, mafuriko ya Novemba 2023 na Aprili 2024 yakakata barabara hiyo kuu ya Garissa karibu na Madogo, na Garissa ikawa mbali ghafla. Nakubali kwamba maji, zahanati na usalama vitangulie. Lakini matukio hayo hayo yanaitetea hoja yangu. Ngamia alistahimili ukame kuliko ng'ombe, na ndiyo maana mapato ya nyumba nyingi sasa yanategemea maziwa yake. Sensa ya 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4.6 nchini. Barabara ikikatika, maziwa mabichi huharibika siku hiyo hiyo, hasa pasipo na umeme wa jokofu, na susa ndiyo namna ya kuyaweka hadi gari lipite. Kujua susa inakaa siku ngapi kabla harufu yake haijageuka, na ni molekuli ipi inayotangulia kuonya, ni elimu ya riziki kabisa. Wala sidai mashine inunuliwe na kuwekwa Bangale. Nchi tayari inazo katika vyuo vikuu na maabara za serikali. Kromatografia ya gesi ndiyo njia inayotumika duniani kugundua methanoli katika pombe, na Kenya huikumbuka kila watu wanapokufa kwa pombe yenye sumu, kama ilivyotokea Kirinyaga Februari 2024. Mashine inayoitwa kutoa ushahidi baada ya mazishi inaweza kutengewa siku chache kwa mwaka ipime chakula cha walio hai.

Wapo pia wazee wanaosema pua inatosha, na kwa matumizi ya nyumbani wana haki. Pua ya mjuzi ni sahihi kuliko mashine katika mambo mengi. Udhaifu wake ni mmoja: hukumu yake haisafiri. Mnunuzi wa Eastleigh, Nairobi, hawezi kuiita ije imsaidie kubishana na dalali anayedai susa imeharibika ili ashushe bei, na afisa wa leseni hawezi kuiambatanisha kwenye faili. Katika mambo ya dini ni vilevile. Wanywaji wengi wa susa ni Waislamu, na hamira hutoa ethanoli kiasi fulani hata katika maziwa yaliyochachuka vyema. Wanazuoni wetu wana ujuzi wa kutofautisha kinacholevya na kisicholevya, lakini huwezi kuwaomba fatwa juu ya kiasi ambacho hakuna aliyekipima. Dubai tayari ina kiwanda cha maziwa ya ngamia kinachouza kwa jina la Camelicious, na siku susa ya Kenya itakapotaka kuingia soko la Ghuba, swali la ethanoli litakuwa la kwanza mezani.

Linabaki suala la umiliki, ambalo kwangu si la kufanyiwa mzaha. Harufu ikishapimwa inaweza kuigwa: mwenye kiwanda huchukua orodha ya molekuli, akachagua bakteria wawili, akaongeza tone la ladha ya moshi ya viwandani, akauza susa isiyowahi kuona ngamia wa Bangale. Mwaka 2006 kampuni ya Uingereza iliomba kusajili neno kikoi kwa tahajia yake kuwa alama yake ya biashara, na Kenya ililazimika kupigana ili ombi hilo lisipite. Tangu wakati huo tumepata Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016, ambayo inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka rejista ya maarifa ya jamii zao. Kaunti ya Tana River iingize susa humo kabla kichupa cha kwanza hakijazibwa, na iandike pamoja na kila sampuli mti uliofukiziwa, chombo, malisho, muda wa kuchachusha na jamii iliyoitengeneza. Makubaliano na chuo chochote yaseme wazi kwamba takwimu ni za jamii na kwamba hakuna aina ya bakteria itakayotolewa nje bila ridhaa yao. Hapo kipimo hugeuka kuwa hati, kwa sababu anayeiga atalazimika kujibu ni kwa nini susa yake haina alama za moshi na malisho ya nyanda za Tana.

Kazi yenyewe inahitaji utaratibu zaidi ya fedha. Harufu hutoroka, na bakteria hawaachi kufanya kazi eti kwa kuwa gari liko njiani. Susa iliyochukuliwa Bangale asubuhi na kufika Nairobi usiku katika joto la nyuzi 35 ni kinywaji kingine. Sampuli zizibwe pale pale bomani na kugandishwa kwa barafu kavu, au Chuo Kikuu cha Garissa, kilicho ng'ambo ya Tana, kipewe friji kali ya kuzihifadhi hadi zisafirishwe. Zichukuliwe kiangazi na masika, kwa sababu ngamia hali majani yale yale. Zichukuliwe kwa wauzaji wa barabarani na kwa wanaochachusha kwa ajili ya watoto wao. Na wanawake watakaokaa kwenye tundu la kunusia walipwe kama wataalamu wanavyolipwa, majina yao yakiandikwa kwenye ripoti kwa idhini yao. Shirika la Viwango la Kenya tayari limeandika viwango vya maziwa ya ngamia ghafi na yale yaliyopashwa moto. Rasimu yake ya susa, itakapoanza kuandikwa, ianze na jedwali litakalotokana na kazi hiyo, na kikao cha kwanza cha kuijadili kiitishwe Bangale.